Chekeche Likikaa Kombo: Kutafuta Kiini cha Hitilafu na Kulirudisha Mahali Pake katika Mashine ya Kukatakata

Mashine ya kukatakata plastiki, mbao au taka ngumu hutoa vipande vya ukubwa unaotakiwa kwa sababu chini ya rota yake, yaani gogo la chuma linalozunguka likiwa na visu, pana bamba la chuma lenye matundu, lililokunjwa kufuata mzunguko wa visu, ambalo halikiachii kipande kushuka mpaka kiwe kimepungua kiasi cha kupenya tunduni. Bamba hilo ndilo chekeche. Likikaa sawasawa hakuna anayelikumbuka. Likikaa kombo, hata kwa milimita mbili au tatu, mashine nzima hubadilika: sauti yake, umeme inaoutumia, joto lake, kiasi cha vumbi na sura ya mzigo unaotoka. Fundi anayeitwa wakati huo hushawishika kulegeza bolti papo hapo, kulisukuma chekeche mpaka mkwaruzo unyamaze, kisha kukaza na kuondoka. Hapo ndipo hitilafu inapopata njia ya kurudi, kwa kuwa mara nyingi kosa haliko kwenye chekeche lenyewe. Chekeche limelala juu ya kitanda, yaani fremu yenye mbavu inayolibeba, kitanda kimeshikwa na bawaba na bolti, na rota inayozunguka juu yake imebebwa na beringi. Chochote kati ya hivyo kikihama, chekeche ndilo litakaloonekana limekaa vibaya.

Maelezo yanayofuata yanahusu hasa mashine yenye rota moja na chekeche la nusu duara, pamoja na mashine za kusaga plastiki ambazo zimejengwa kwa mpangilio huohuo. Mashine za nyundo na zile za rota nne hutofautiana nazo kwa umbo, ila hoja ya msingi haibadiliki: mwanya kati ya kisu na chekeche ni umbali kati ya vitu viwili, na huwezi kujua kipi kimehama kwa kukitazama kimoja tu.

Kazi ya mwanya

Rota ya mashine kubwa ya kupasua taka huzunguka polepole, mara nyingi kati ya mizunguko 60 na 130 kwa dakika, ilhali mashine ya kusaga plastiki huzunguka mara mia kadhaa kwa dakika, na ya nyundo hupita 1,000. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa katika suala letu. Katika mashine ya polepole kisu kinaweza kulikwaruza chekeche kwa saa nyingi kabla ya mtu kutambua, kikiacha alama zinazong'aa na kujinoa vibaya kila kinapopita. Katika mashine ya kasi mguso wa aina hiyo unaweza kuvunja kisu au kupasua chekeche kwa muda mfupi sana, na vipande vya chuma vinavyoruka ndani ya chumba cha kukatia huharibu kila kilichobaki.

Kisu kinachozunguka hukata kinapokutana na kisu tuli, yaani kile kilichofungwa kwenye mwili wa mashine. Kipande kilichokatwa hushuka juu ya chekeche; kikiwa kidogo hupita tunduni, kikiwa kikubwa husombwa na rota na kurudishwa kwenye kisu tuli kikatwe tena. Mwanya ukiwa mpana kupita kiasi, rota hushindwa kukisomba. Kipande hubaki kimelala juu ya chekeche, kikisuguliwa na visu vinavyopita juu yake bila kukatwa. Msuguano huo huzaa joto, joto hulainisha plastiki, na plastiki iliyolainika huziba matundu; kuanzia hapo mzigo hauna pa kupitia na mota hulemewa. Mwanya ukiwa mwembamba kupita kiasi, mashine hufanya kazi vizuri ikiwa baridi na huanza kukwaruza inapopata moto au inapobeba mzigo mzito unaolisukuma chekeche na kitanda chake.

Suala la joto linastahili hesabu kidogo, maana hudharauliwa. Chuma cha kawaida hurefuka kwa takriban milimita 0.012 kwa kila mita moja na kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Chekeche lenye urefu wa mita moja likipata joto la nyuzi 50 zaidi ya lilivyokuwa asubuhi, litarefuka kwa takriban milimita 0.6. Kwenye mwanya wa chini ya rota ongezeko la aina hiyo ni dogo, kwa sababu nusu kipenyo cha rota ni kifupi kuliko urefu wake. Kwenye ncha mbili za chekeche hali ni tofauti. Chekeche lililobanwa kati ya kuta mbili bila nafasi yoyote ya kurefukia litatafuta pa kwenda, na pa kwenda ni juu, kuelekea kwenye visu. Fundi atapima mashine ikiwa baridi na kukuta kila kitu kiko sawa, akashangaa kwa nini kila ikifika mchana mkwaruzo unaanza upya.

Kiwango sahihi cha mwanya hutolewa na mtengenezaji wa mashine husika, kwenye kitabu cha maelekezo, na hakuna tarakimu moja inayofaa mashine zote. Hata hivyo ipo kanuni ninayoiamini kuliko tarakimu yoyote: usawa wa mwanya una maana kubwa kuliko upana wake. Mashine yenye mwanya uliozidi kidogo lakini ulio sawa kutoka ncha hadi ncha itatoa mzigo unaotabirika. Mashine yenye mwanya ambao wastani wake ni sahihi, huku upande mmoja ukiwa umebana na mwingine umeachama, itatoa vumbi na vipande virefu kwa wakati mmoja, na hakuna marekebisho ya kasi wala ya ulishaji yatakayoificha kasoro hiyo.

Dalili na zinachosema

Dalili ya kwanza huwa ni sauti, na sauti ina taarifa zaidi ya wanavyodhani wengi. Mkwaruzo unaosikika mara moja kwa kila mzunguko wa rota hutokana na kisu kimoja kilichojitokeza kuliko vingine, ama kwa sababu kilifungwa vibaya baada ya kunolewa au kwa sababu bolti yake imelegea. Mkwaruzo usiokatika, ambapo kila kisu kinachopita mahali fulani hugusa, unaelekeza kwenye chekeche, kitanda au beringi. Sauti inayokuja mzigo unapoingia na kutoweka mashine inapozunguka tupu humaanisha kuwa kuna kitu kinachoyumba kikisukumwa: bolti zilizolegea, pini ya bawaba iliyolika, au chekeche ambalo halijalala vizuri juu ya mbavu za kitanda.

Dalili ya pili ni mzigo wenyewe. Vipande vikubwa kuliko matundu vikionekana kwenye mfuko wa mwisho, swali la kwanza ni kama chekeche limetoboka au kupasuka, na la pili ni kama kuna upenyo kwenye ncha au kwenye ukingo wake. Kipande kikubwa hakiwezi kupita kwenye tundu dogo, basi lazima kimepita penye mpasuko au pembeni. Vipande virefu vyembamba ni jambo jingine, kwa sababu uzi au ukanda unaweza kuteremka kwa wima katika tundu zima kabisa, na hilo peke yake si ushahidi wa chekeche kukaa kombo.

Ampea za mota nazo zinasema. Mashine inayozunguka tupu ina kiwango chake cha kawaida cha umeme, na yeyote anayeitunza angepaswa kukijua kiwango hicho kwa moyo. Kikipanda bila mzigo kuwamo, kuna chuma kinachosugua chuma au beringi inayokufa. Kikibaki palepale wakati tupu lakini kikapanda kuliko kawaida wakati wa mzigo, tazama kwanza ukali wa visu na kuziba kwa matundu. Visu butu huiga dalili nyingi za chekeche lililokaa vibaya, na ningemshauri fundi yeyote aondoe shaka ya visu kabla hajagusa bolti ya kitanda.

Kabla ya kufungua

Hakuna kipimo hata kimoja kati ya vitakavyoelezwa kinachopaswa kuchukuliwa kabla mashine haijakatiwa nguvu na kufungiwa. Kuzima kwa kitufe hakutoshi. Swichi kuu huzimwa na kufungwa kwa kufuli, kila anayeingiza mkono ndani ya mashine huweka kufuli lake mwenyewe na kukaa na ufunguo wake mwenyewe, kisha kitufe cha kuwasha hubonyezwa kwa makusudi ili kuthibitisha kwamba mashine haiitikii. Marekani iliuweka utaratibu huu katika kanuni zake za usalama kazini mwaka 1989, na mantiki yake ni ileile popote penye mashine: mtu aliye mbali, asiyejua kuna mwenzake ndani, asiweze kuiwasha.

Umeme si nguvu pekee iliyomo. Mashine ya rota moja mara nyingi ina kisukumio cha haidroli kinachobana mzigo dhidi ya rota, na baadhi ya mashine hufungua na kufunga kitanda cha chekeche kwa silinda ya haidroli vilevile. Presha iliyobaki kwenye mabomba lazima iachiliwe, na kitanda kilichofunguliwa lazima kiwekewe tegemeo la chuma, kwa kuwa silinda inayovuja hushusha kitanda polepole bila kutoa onyo. Rota yenyewe inaweza kugeuka kwa uzito wake. Ukiondoa baadhi ya visu upande mmoja, upande mzito utataka kushuka, na kisu kinachoshuka hukata kidole kikiwa hakina haja ya mota. Rota hukwamishwa kwa kifaa cha mtengenezaji, au kwa gogo imara la mti pale ambapo kifaa hicho hakipo, na inapohitajika kugeuzwa kwa ajili ya kupima, huigeuza mtu mmoja tu, baada ya wote kuonyesha mikono yao.

Chekeche ni zito. Yale madogo hubebwa na watu wawili. Makubwa hayabebwi kwa mikono kabisa. Jeki au winchi huwekwa chini yake kabla ya bolti ya kwanza kulegezwa. Ikiwa mashine ilikuwa inasaga plastiki, iachwe ipoe, maana bamba lililojaa plastiki iliyoyeyuka hushika joto muda mrefu na huunguza hata kupitia glavu.

Kupima kabla ya kulegeza

Hii ndiyo hatua inayorukwa mara nyingi, na ndiyo inayotenganisha utatuzi na ubahatishaji. Bolti ikishalegezwa, ushahidi wa hali ya awali umepotea na hautarudi. Kwa hiyo vipimo huchukuliwa chekeche likiwa bado limefungwa, katika hali ileile mbovu lililokutwa nayo.

Kifaa kinachohitajika ni fila, zile bamba nyembamba za kupimia mwanya zilizochapwa unene wake. Chagua kisu kimoja cha rota kwenye ncha ya kushoto, kimoja katikati na kimoja kwenye ncha ya kulia. Kila kimoja kipimwe katika nafasi tatu za mzunguko: pale chekeche linapoanza karibu na kisu tuli, pale chini kabisa, na pale linapoishia. Vipimo tisa hupatikana, na vinapoandikwa katika safu tatu za tatu huonyesha picha kamili ya jinsi chekeche linavyoizunguka rota. Mahali ambapo mkono haufiki kutoka juu, fila ndefu hupitishwa kutoka ncha ya mashine. Kwenye baadhi ya mashine hutumika uzi laini wa madini ya risasi, ambao hulazwa juu ya chekeche, rota ikageuzwa kwa mkono mpaka kisu kiubane, kisha unene uliobaki ukapimwa.

Kuna sababu ya kukitumia kisu kilekile kwa nafasi zote tatu. Kisu kikiwa kimoja, kinachobadilika ni chekeche tu, hivyo tofauti yoyote inayoonekana ni ya chekeche au ya mahali rota ilipo juu yake. Baada ya hapo fanya kinyume: baki katika nafasi moja ya chini, geuza rota, na pima visu vyote vya mstari mmoja vinavyopita hapo. Sasa chekeche ndilo lisilobadilika, na tofauti yoyote inayoonekana ni ya visu. Kwa njia hii ya vipimo viwili, unajua upande gani wa mwanya umehama kabla hujafungua chochote.

Kipimo cha tatu ni mwanya kati ya visu vya rota na kisu tuli, kwenye ncha zote mbili. Kinaonekana hakihusiani na chekeche, lakini ndicho shahidi wa kuaminika kuliko wote. Kisu tuli hakikufungwa kwenye kitanda cha chekeche. Kwa hiyo ikiwa mwanya wa chekeche umebadilika upande wa kulia na mwanya wa kisu tuli umebadilika upande huohuo, kilichohama ni rota, na aliyeihamisha ni beringi au makazi yake. Thibitisha kwa kuinua rota kidogo kwa mtaimbo upande huo huku saa ya kupimia, yaani kifaa chenye mshale kinachoonyesha mwendo mdogo, imesimamishwa juu ya shafti: ikicheza kuliko inavyoruhusiwa, kazi ya chekeche inasubiri mpaka beringi ibadilishwe. Kulishusha chekeche ili kuipisha rota iliyoporomoka ni kuificha hitilafu ambayo siku moja itaiangusha rota nzima juu ya kisu tuli.

Kuisoma picha ya vipimo

Mwanya ukiwa umebana kwenye ncha moja katika nafasi zote tatu, na rota imethibitishwa kuwa nzima, kitanda hakijafunga sawasawa upande huo au kuna kitu kimekaa chini ya chekeche. Mara nyingi kitu hicho ni uchafu. Vumbi la plastiki, nyuzi na unga wa mbao hushindiliwa kati ya chekeche na mbavu za kitanda mpaka huwa gumu kama gome, na tabaka la milimita mbili linatosha kuinua ncha nzima. Fundi aliyebadilisha chekeche bila kukwangua makalio yake, yaani sehemu za kitanda linapokalia, ndiye huacha tabaka hilo, na ningesema bila kusita kwamba usafi wa makalio hutatua visa vingi kuliko kazi nyingine yoyote iliyomo katika makala haya.

Mwanya ukiwa umebana upande wa kuanzia na kuachama upande wa kuishia, kwa kiwango kilekile kwenye ncha zote mbili, chekeche zima limesogea kufuata mzunguko au kitanda kimening'inia kwenye bawaba. Pini za bawaba hulika taratibu upande mmoja, matundu yake yakawa na umbo la yai, na kitanda kikawa kinafunga mahali tofauti kila kinapofungwa. Tatizo la aina hii hutambulika kwa kufungua na kufunga kitanda mara kadhaa na kupima nafasi ileile kila mara. Vipimo vikikataa kulingana, pini na bushi zake, yaani vifuko vya chuma vinavyozishika, vibadilishwe. Hakuna ukazaji wa bolti utakaoleta uthabiti mahali ambapo egemeo lenyewe linacheza.

Mwanya uliobana chini katikati ya mzunguko na kuachama kwenye kingo mbili unaeleza habari ya umbo. Chekeche limefunuka, yaani mkunjo wake ni mpana kuliko mkunjo wa kitanda, kwa hiyo linagusa kitanda kwenye kingo tu na tumbo lake limeinuka kuelekea kwenye rota. Kinyume chake, chekeche lililokunjwa kupita kiasi hulala chini vizuri lakini kingo zake husimama mbali na kitanda na kuvikaribia visu. Yote mawili hutokea kwa chekeche lililotengenezwa karakana isiyokuwa na kipimo cha mkunjo, au lililounganishwa kwa kulehemu na kuachwa lipoe bila kushikiliwa. Ukaguzi wake ni rahisi: paka mbavu za kitanda chaki au rangi nyembamba ya alama, lilaze chekeche, ligonge kidogo kwa nyundo ya mpira, kisha litoe na utazame rangi imeshika wapi. Linapaswa kushika kwenye mbavu zote. Mbavu isiyoacha alama haibebi kitu, na bamba lililo juu yake litapinda kila mzigo unapoingia.

Mwanya uliobana mahali pamoja tu, kama kiganja cha mkono, ni uvimbe uliosababishwa na kipande cha chuma kilichopita na kugongwa na visu. Uvimbe mdogo huweza kunyooshwa nje ya mashine, juu ya umbo lenye mkunjo sahihi. Penye ufa, hasa ufa unaounganisha tundu na tundu, kunyoosha ni kupoteza muda. Bamba limeshachoka na ubadilishaji ndio njia ya salama.

Ipo hali nyingine ambayo huwapotosha hata wenye uzoefu. Visu vya rota hulika na kunolewa, na mzunguko wao hupungua kidogo kidogo. Mtu akaona mwanya umepanuka, akaweka vipande vya bati chini ya chekeche kulifuata. Miezi ikapita, visu vipya vikafungwa, mzunguko ukarudi ulivyokuwa, na sasa visu vinakwaruza. Lawama hupelekwa kwa visu vipya wakati kosa limelala chini ya chekeche. Kila bati linalowekwa liandikwe kwenye daftari la mashine, na visu vinapobadilishwa jambo la kwanza liwe kuyatafuta mabati hayo. Visu vilivyonolewa navyo hurudishwa kwa kutumia kipimo maalumu kinachoviweka vyote katika mzunguko mmoja, kisha mwanya wa kisu tuli hurekebishwa, na chekeche huja mwisho. Mpangilio huo ukigeuzwa, kila hatua huharibu iliyotangulia.

Kulirudisha

Kitanda kikiwa wazi na kimetegemezwa, makalio yote hukwanguliwa mpaka chuma tupu, pamoja na pembe ambazo brashi haifiki. Tumia kikwanguo cha chuma laini au cha shaba, kwa sababu tindo kali huacha michubuko, na michubuko huinua chekeche kama uchafu ulivyoliinua. Manundu madogo kwenye kingo yaondolewe kwa tupa. Matundu ya bolti yasafishwe nyuzi zake, na pini za kuelekezea zikaguliwe: pini iliyopinda hulilazimisha chekeche likae mahali pasipo pake huku bolti zikionekana zimeingia vizuri.

Kalio lililolika kweli linaweza kusawazishwa kwa bati la kujazia, mradi liwe kipande kimoja kinachofunika upana wote wa kalio na kiwe cha chuma kisichopata kutu. Vipande vinne vyembamba vilivyopangwa juu kwa juu vitachezacheza na kutoka. Ikibidi kulehemu na kuchonga kalio upya, kitanda kitolewe kwenye mashine. Panapolazimu kulehemu kikiwa hapohapo, waya wa ardhi wa mashine ya kulehemu ufungwe karibu kabisa na mahali pa kazi, kwa maana mkondo wa umeme ukipitia kwenye rota huacha vidonda kwenye gololi za beringi, na beringi hiyo itakufa baadaye kwa sababu ambayo hakuna atakayeikumbuka.

Kabla ya kulipandisha chekeche, hakikisha upande upi ni wa ndani. Baadhi ya machekeche yana matundu yaliyopanuka upande mmoja, na upande wenye tundu dogo ndio hutazama rota, ili kipande kilichokwisha kuingia kisikwame njiani. Likiwa na mshale, mshale hufuatwa. Likiwa na vipande viwili, vipande vya seti moja visichanganywe na vya seti nyingine hata kama matundu yanafanana, kwa sababu unene na mkunjo vinaweza kutofautiana kwa kiasi kinachotosha kuacha ngazi kwenye maungio, na ngazi hiyo itakuwa ya kwanza kugongwa.

Chekeche hupandishwa kwa jeki mpaka liguse mbavu zake kwa uzito wake lenyewe, pini za kuelekezea zikiingia bila kulazimishwa. Kama linahitaji kupigwa nyundo ili liingie, lishushe na utafute kinacholizuia. Nafasi ya kurefukia kwenye ncha mbili igawanywe kwa usawa. Bolti zote huanzishwa kwa mkono, zote, kabla hata moja haijaguswa na spana. Kisha hukazwa kutoka katikati kwenda nje, kwa kupishana pande, katika awamu tatu: kwanza kama theluthi ya nguvu iliyoelekezwa, kisha theluthi mbili, kisha nguvu kamili kwa spana yenye kipimo. Spana ya umeme au ya upepo haifai hapa. Huikaza kabisa bolti ya kwanza wakati nyingine zinaning'inia, na bamba hujivuta kuelekea upande huo na kubaki limepinda. Bolti ziwe za daraja lilelile lililochapwa kichwani mwa zile za awali, na nati za kujifunga zilizokwisha kutumika zibadilishwe.

Sasa vipimo tisa huchukuliwa upya na kuandikwa kando ya vile vya mwanzo. Tofauti kati ya ncha na ncha ikiwa bado iko nje ya kile kinachoruhusiwa na kitabu cha mashine, usijaribu kuivuta kwa kukaza zaidi. Bolti ina kazi ya kushikilia, haina kazi ya kupinda bamba. Vilevile usichonge ncha za visu ili kupata nafasi, kwani mzunguko wa visu ukishaharibika, vipimo vyote vingine havina pa kuegemea. Legeza, tafuta, safisha, funga tena.

Vipimo vikikubali, rota hugeuzwa kwa mkono mzunguko mzima, polepole, huku mtu ameweka sikio karibu na kitanda. Zana zihesabiwe zote kabla ya milango kufungwa. Spana iliyosahauliwa juu ya chekeche huharibu kazi yote kwa mzunguko mmoja. Kila mwenye kufuli aondoe lake mwenyewe. Mashine iwashwe tupu, ampea zisomwe na kulinganishwa na kiwango chake cha kawaida, kisha ilishwe mzigo mwepesi kwa muda, mpaka ipate joto la kazi. Hapo izimwe, ifungiwe tena kwa utaratibu uleule, na chekeche likaguliwe kwa tochi: alama mpya zinazong'aa zikionekana mahali popote, kuna mguso unaotokea chini ya joto au mzigo, na mahali alama ilipo pataeleza ni ncha ipi ya kurudiwa.

Bolti zikaguliwe tena kwa spana yenye kipimo baada ya saa za kwanza za kazi halisi, kwa kuwa chekeche jipya au lililosafishwa hujikalia vizuri zaidi likishatikiswa, na bolti iliyokuwa imekaza asubuhi inaweza kupoteza sehemu ya nguvu yake jioni. Vipimo vya mwisho, ampea za mashine ikiwa tupu na unene wa bati lolote lililotumika viandikwe kwenye daftari la mashine, pamoja na hali ya visu siku hiyo, ili fundi atakayefungua kitanda hicho wakati wa kubadilisha visu aanze na vipimo mkononi.